"Biblia inasema": Uliza ni wapi, kisha usome mwenyewe

Matanga yamekwisha. Wageni wa mbali wamepanda magari kurudi Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Chini ya migomba, kwenye kihamba kimoja hapa Tarakea, wamebaki watu wa ukoo tu. Ajenda ni moja: marehemu ameacha kihamba, nyumba, ng'ombe wawili na shamba la tambarare. Nani anachukua nini? Binti mkubwa, aliyemuuguza baba mpaka siku ya mwisho, anaomba na yeye akumbukwe japo kwa kipande. Mzee mmoja anamjibu kwa upole: "Mwanangu, usigombane na Mungu. Hata Biblia inasema mwanamke harithi ardhi." Kikao kinanyamaza. Nani atabishana na Biblia?

Kikao hiki tumekitunga kiwe mfano, lakini wasikilizaji wengi wa Rombo wameshakaa kwenye kikao kinachofanana nacho. Hatumgombezi mzee. Huenda alisikia hivyo kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Tunauliza swali moja tu ambalo pale kikaoni hakuna aliyeliuliza: Biblia inasema hivyo wapi?

Twende tukasome

Fungua kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Waisraeli wako njiani kuelekea nchi ya ahadi, na ardhi inakaribia kugawanywa. Mtu mmoja aitwaye Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, akaacha binti watano. Mabinti hao hawakukaa kimya. Walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakaomba wapewe ardhi pamoja na ndugu za baba yao. Musa hakuwajibu kwa desturi. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na jibu lililorudi ni kwamba mabinti wale wana haki. Wapewe urithi wa baba yao. Ikawekwa sheria kwa watu wote: mtu akifa bila mwana, urithi wake uende kwa binti yake kwanza, kabla ya ndugu zake wa kiume. Ukifika Yoshua sura ya 17 utakuta mabinti hao wameshagawiwa fungu lao.

Usifunge kitabu hapo, maana msomaji mwaminifu husoma na yale yasiyompendeza. Sheria ile inahusu mtu aliyekufa bila mwana. Haisemi binti agawane sawa na kaka zake. Na katika sura ya 36, wazee wa kabila la Manase wanakuja na hofu ambayo mzee yeyote wa hapa ataielewa mara moja: hawa wakiolewa kwingine, ardhi yetu itahamia kwa watu wengine. Mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Kisha nenda mwisho wa kitabu cha Ayubu, 42:15. Ayubu ana wana saba wa kiume, wote wako hai, na bado anawapa binti zake watatu urithi pamoja na ndugu zao.

Sasa Biblia inasema nini? Inasema zaidi ya jambo moja, na ukoo unaweza kukaa ukayazungumza. Lakini kwamba mwanamke harithi ardhi, haisemi. Hiyo ni mila ya mlimani, inayowapa vihamba watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Mila ina historia yake na ina sababu zake, na watu wanaweza kuijadili kama mila: hili tulishike, hili tulibadilishe. Ikishaitwa Neno la Mungu, mlango wa mazungumzo umefungwa, na anayebaki nje ni yule binti.

Ndugu zetu Waislamu wana jambo linalofanana na hili. Katika familia nyingi, za bara na za pwani, binti hupewa nguo na vyombo akaambiwa atosheke, na wanaofanya hivyo husema ndivyo dini ilivyo. Lakini Sura An-Nisaa, aya ya 7, inataja wazi kwamba wanawake wana fungu katika mali waliyoacha wazazi na jamaa, iwe kidogo au nyingi. Aya ya 11 inaeleza mafungu: mtoto wa kiume hupata sawa na mafungu ya wawili wa kike. Fungu la binti si sawa na la kaka yake, lakini ni fungu, tena ni la lazima. Anayemnyima lote anafuata mila, ingawa ulimi wake unataja Kitabu.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali. Kwa hiyo mwenye shauri la namna hii anaweza kuanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji, baraza la ardhi au kwa wasaidizi wa kisheria. Lakini wengi hawafiki huko, kwa sababu wameshaambiwa kwamba Mungu mwenyewe amekataa.

Kitabu kilifikaje mikononi mwetu

Kwa nini watu wengi wamezoea kuambiwa badala ya kusoma? Sehemu ya jibu ni historia. Kwa karne nyingi, huko Ulaya, Maandiko yalisomwa kanisani kwa Kilatini, na mkulima hakuwa na njia ya kuhakiki alichoambiwa. Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534, ili mtu wa kawaida asome kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kwetu, Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akiwa Mombasa mwaka 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Biblia nzima kwa Kiswahili ikapatikana mwaka 1891, kazi iliyoanzishwa Unguja na Askofu Edward Steere. Wakati huohuo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wakatoliki walikuwa wanafungua misheni Kilema na Walutheri wa Leipzig walikuwa wanaanza Machame. Misheni ilikwenda na shule, na aliyetaka kubatizwa alifundishwa kusoma. Huko Buganda waumini wa kwanza waliitwa kwa jina hilohilo: wasomaji. Biblia ya Muungano, ambayo wengi wenu mnayo nyumbani, ilitoka mwaka 1952. Biblia Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi zaidi, ilikamilika katikati ya miaka ya 1990.

Kwa Wakatoliki, ambao ndio wengi hapa Rombo, mabadiliko makubwa yalikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake kuhusu Neno la Mungu, ya Novemba 1965, ilitaka milango ya Maandiko ifunguliwe wazi kwa waumini wote. Misa nayo ikaanza kusaliwa kwa lugha za watu. Mwaka 1973, na tena 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa maisha ya kanisa. Ile jumuiya yenu inayokutana nyumba kwa nyumba na kusoma Injili ndiyo tunda la uamuzi huo. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliweka Jumapili maalumu ya Neno la Mungu kila mwaka.

Kwa upande wa Kurani, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja, alikamilisha kuichapisha tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1969. Mwislamu asiyejua Kiarabu akapata njia ya kufuatilia maana ya kile anachokisoma.

Kwa ufupi, kitabu kimeshafika. Safari ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Iliyobaki ni ile hatua fupi ya kukitoa kabatini.

Mistari iliyochomolewa

Ukianza kusoma utashangaa mambo mengi tunayodai yameandikwa. "Jisaidie nikusaidie" ni msemo, wala haumo katika Biblia. Mamajusi waliomtembelea mtoto Yesu hawakutajwa kuwa watatu. Mathayo sura ya 2 inataja zawadi tatu, na sisi tumehesabu watu. Wengi husema Biblia inaita fedha kuwa mzizi wa maovu. Soma 1 Timotheo 6:10 taratibu: kinachotajwa ni kupenda fedha. Kuna tofauti kubwa kati ya fedha iliyo kwenye kibubu cha mama muuza ndizi na tamaa iliyo moyoni mwa mtu.

Makosa hayo ni madogo. Mengine yalileta maafa. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba Waafrika ni uzao uliolaaniwa wa Hamu, na fundisho hilo likatumika kutetea utumwa. Soma Mwanzo 9:20-27. Aliyelaaniwa pale si Hamu bali Kanaani, mwanawe. Laana ilitamkwa na Nuhu alipoamka kutoka kwenye ulevi wake. Na rangi ya ngozi haikutajwa hata kwa neno moja. Mamilioni ya watu waliteseka huku watesi wao wakijifariji kwa maneno ambayo hayapo kwenye ukurasa.

Mfano mwingine uko karibu na mfuko wako. Umewahi kusikia Malaki 3:10 ikisomwa siku ya mavuno: leteni zaka kamili ghalani. Mstari huo upo, tena uko wazi. Sasa rudi nyuma mistari mitano tu, mpaka 3:5. Hapo Mungu anasema atakuwa shahidi dhidi ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Rudi tena mpaka sura ya 1 na ya 2, utakuta sehemu kubwa ya makaripio imeelekezwa kwa makuhani wenyewe. Kisha soma Kumbukumbu la Torati 14:28-29: zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Hatusemi kutoa ni kosa. Kanisa haliendeshwi kwa upepo, na wengi hutoa kwa furaha. Tunasema kwamba anayesoma sura nzima anajua zaka ilikuwa na kazi gani, na anaweza kuuliza kwa adabu: mjane wa kijiji hiki anapata nini?

Na yule mjane wa senti mbili, anayesifiwa kila siku ya changizo? Habari zake ziko Marko 12:41-44. Soma mstari wa 40, uliotangulia. Yesu ametoka kuonya juu ya wakuu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Ukizisoma habari hizo mbili pamoja, huenda ukamtazama mama yule kwa jicho lingine.

Lakini je, kila mtu ajisomee anavyotaka?

Hapa baadhi ya viongozi wa dini wana wasiwasi, na wasiwasi wao una msingi. Mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi msituni. Zaidi ya miili 400 ilipatikana, mingine ya watoto. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakamlaki Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka. Wale watu walikuwa na Biblia. Kusoma hakukuwaokoa, kwa sababu sauti iliyoruhusiwa kueleza ilikuwa moja.

Nasi wa Kilimanjaro tuna kidonda chetu. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mafuta kwa wagonjwa yametajwa katika Yakobo 5:14. Lakini soma yanatumikaje pale: mgonjwa amelala, anawaita wazee wa kanisa, nao wanamjia na kumwombea. Wanaotembea ni wazee. Mgonjwa hakimbizwi.

Kwa hiyo kujisomea hakumaanishi kusoma peke yako. Biblia yenyewe ina picha mbili zinazokwenda pamoja. Katika Matendo 17:11, watu wa Beroya wanasifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ndivyo yalivyo. Aliyechunguzwa ni mtume Paulo, na hakukasirika. Picha ya pili iko Matendo sura ya 8: Mwafrika, towashi wa Ethiopia, anasoma Isaya ndani ya gari lake. Filipo anamuuliza kama anaelewa, naye anakiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Filipo hakumnyang'anya kitabu. Alipanda, akaketi naye, wakasoma pamoja.

Makanisa yanatofautiana juu ya nani ana neno la mwisho. Wakatoliki husoma Maandiko ndani ya Mapokeo ya Kanisa na mafundisho ya maaskofu. Walutheri husema Maandiko ndiyo kipimo cha mafundisho yote, na bado wana Katekisimu na walimu. Waislamu wana wanazuoni na elimu ndefu ya tafsiri. Mapokeo ya namna hiyo ni kumbukumbu ya watu wengi waliosoma kabla yetu, wakakoseana na kusahihishana. Hayo si sawa na neno la mtu mmoja kikaoni au jukwaani ambaye hataki kuulizwa.

Maswali matano ya kuuliza

Ukiambiwa "imeandikwa", jiulize haya.

La kwanza: ni wapi? Omba kitabu, sura na mstari. Asiyeweza kuutaja leo apewe nafasi autafute kesho. Hakuna ugomvi.

La pili: kabla yake kuna nini, na baada yake kuna nini? Soma sura nzima. Mume anayenukuu Waefeso 5:22 kwa mkewe aanzie 5:21, panaposema watu wanyenyekeane wao kwa wao, kisha aendelee mpaka 5:25 aone alichoagizwa yeye.

La tatu: nani anaongea, na anaongea na nani? Si kila sentensi katika Biblia ni neno la Mungu kwa wewe. Rafiki za Ayubu walisema mengi mazuri masikioni, na mwishoni Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa.

La nne: tafsiri nyingine inasemaje? Linganisha Biblia ya Muungano na Habari Njema. Neno moja linaweza kufungua mengi. Mwanzo 2:18 inamwita mwanamke msaidizi, na wengi wameelewa mtumishi. Lakini neno lilelile la Kiebrania limetumika kwa Mungu mwenyewe katika Zaburi 33:20, anapoitwa msaada wa watu wake. Anayekusaidia si lazima awe chini yako.

La tano: tafsiri hii inamfaidi nani, na nani anaumia? Swali hili peke yake halitoshi kuikataa tafsiri. Lakini kama kila mara anayefaidi ni yule anayeisema, rudi kwenye swali la kwanza.

Kwa simu yako

Mwenye simu janja anaweza kupakua programu ya Biblia bila malipo. YouVersion, kwa mfano, ina Biblia za Kiswahili. Pakua unapokuwa na mtandao mzuri au kifurushi, kisha utasoma shambani bila intaneti. Kuwa mwangalifu na picha zenye mstari mmoja zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp: kabla hujamtumia jirani, fungua ule mstari uusome mahali pake. Ukikuta Biblia ya jirani ina vitabu ambavyo ya kwako haina, usishtuke. Ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66.

Asiye na simu janja hajakosa kitu. Wiki hii, jumuiya au kikundi chenu kikikutana, pendekezeni sura moja isomwe yote, kwa sauti, pole pole, kabla mtu yeyote hajaeleza. Mama asiyejua kusoma asikilize, naye aulize. Mkikwama, andikeni swali mlipeleke kwa katekista, mchungaji, padre au sheikh. Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa.

Turudi chini ya migomba. Mzee amesema, kikao kimenyamaza. Tuseme sasa mjukuu mmoja ana Biblia kwenye simu. Haina haja ya kupandisha sauti. Anaweza kusema tu: "Babu, naomba tusome wote Hesabu 27, halafu na 36, ndipo tuendelee." Huenda ukoo ukafikia uamuzi huu au ule. Lakini watakuwa wameamua wao, kwa majina yao, bila kumsingizia Mungu. Na binti yule atakuwa amesikilizwa, kama walivyosikilizwa wale watano mlangoni pa hema.